Kichujio Kinachong'aa

Mpishi aliyeitwa Bingwa, jina alilojipa mwenyewe, alikuwa na imani moja: harufu ya samaki anayekaangwa ni kibao cha hoteli, tena kibao kinachosomeka hata kwa asiyejua kusoma. Kwa hiyo kile kichujio cha chuma, kinachokaa juu ya jiko na kunasa mafuta kabla moshi haujatoka, alikichomoa siku ileile kilipofungwa. Akakitia guniani, akakisukuma nyuma ya friji.

Moshi ukatoka mzima mzima. Bomba lilikomea chini ya dirisha la ghorofani, kwenye chumba alichoshonea mjane wa marehemu kaka yake. Wateja wakaanza kumrudishia nguo. Siku moja bibi harusi alinusa gauni lake, akaliacha juu ya meza na kuondoka.

Fundi alishuka nalo mpaka jikoni.

"Shemeji, hebu nusa."

Bingwa alinusa. "Samaki wa jana. Wa leo nimemtia ndimu."

"Bwana harusi anaoa mke, haoi kitoweo! Nikimpoteza na mteja huyu, nafunga cherehani nahama."

"Harufu ndiyo inayoniletea watu. Nikiifungia ndani watajuaje nipo?"

"Kizuri chajiuza, shemeji. Kibaya ndicho kinachojitembeza, na chako kimetembea mpaka kabatini kwangu."

Wapishi wengine waliinamia masufuria wakicheka. Fundi akaenda kushtaki kwenye ofisi ya afya.

Bingwa alipopata fununu kwamba afisa anakuja, alikitoa kichujio guniani, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa kama kioo, akakipachika mahali pake.

Afisa alikuwa mama wa makamo, si msemaji. Alipitisha kidole kwenye kichujio, kikatoka safi. Akatoka nje, akakipitisha ukutani chini ya bomba. Kikatoka cheusi, kinateleza.

"Mzee, hiki hakijawahi kuona moshi."

"Sisi tunapenda usafi, mama."

"Mwiko ukitoka chunguni mkavu, haukuingia. Funga jiko. Bomba lipande juu ya paa. Kichujio kikae hapo, kioshwe kila wiki kwa maji ya moto na sabuni. Nitarudi bila hodi, na nataka nikikute na mafuta."

Jiko lilipofunguliwa tena, Bingwa alisimama barabarani wakati wa chakula cha mchana, akanusa upepo huku na huku. Kisha akapanda ghorofani. Dirisha lilikuwa wazi. Bibi harusi alisimama mbele ya kioo ndani ya gauni lililofuliwa, na fundi alikuwa amepiga magoti akipima pindo, pini mdomoni.

"Shemeji, husikii harufu yoyote?"

Fundi alitoa pini. "Sisikii."

"Hata ya kitunguu?"

"Hata ya kitunguu."

Bingwa alishuka ngazi taratibu, kama mtu anayetoka kuzika. Huko chini walikuwa wanamwita kwa kelele: meza zimejaa, na samaki wamekwisha.