Pango la Mlima wa Tai

Ursula Mugeta hakuwa mtu wa kuandika mahali ambapo hajalala. Kabla ya kuandika hadithi yake ya kisiwani, alihama kwake Nyasho akakaa kisiwa cha Rukuba na wavuvi hadi mikono ikaota sugu. Ndiyo maana vijana wa Mara waliviamini vitabu vyake.

Jumapili moja alikuwa Bunda kwa dada yake, ndio kwanza wametoka misa, simu ikaita.

"Mama, wewe ndiye mwandishi? Mimi Stanislausi wa Butiama. Namba yako nimeitoa nyuma ya kitabu. Binti yangu Rhobi katoka jana, hajarudi. Mwenzake anasema kaenda kutafuta lile pango la kitabuni mwako. Huo Mlima wa Tai uko wapi? Hapa hakuna anayeujua!"

"Jina nilibuni," Ursula alisema, tayari anatafuta viatu. "Lakini pango lipo, na njia niliiandika ilivyo. Nisubiri Kiabakari."

Akiwa nyuma ya bodaboda ndipo alipokumbuka jambo ambalo hakuliandika: mashimo ya wachimbaji wa zamani, yaliyofunikwa na nyasi. Aliyaacha kwa sababu yaliichelewesha hadithi. Akamwambia dereva aongeze mwendo.

Stanislausi alikuwa barabarani na majirani wawili. Ursula alimweleza habari ya mashimo bila kumficha. Mzee alimtazama, akasema tu, "Tangulia."

Walifuata korongo kavu, wakapita mkuyu, wakaanza kupanda. Penye mashimo walitembea mmoja nyuma ya mwingine, wakichungulia kila shimo na kuita. Kwenye ukingo wa shimo la mwisho waliona ndala moja ya bluu. Stanislausi akapiga magoti.

"Rhobi!" aliita, sauti ikakatika.

"Baba! Niko huku juu!"

Walipanda mbio. Msichana alikuwa ameketi mdomoni mwa pango, kifundo cha mguu kimevimba, kanga ameifunga shingoni. Baba yake alimkumbatia huku anamfokea, machozi yakimchuruzika.

"Nilijikwaa pale ukingoni nikitaka kurudi, ndala ikanitoka, nikarudi huku kwa kutambaa," Rhobi alisema. Kisha akamgeukia Ursula, akamtambua kwa picha. "Shikamoo, mama. Yale mashimo hukuyaandika."

"Marahaba. Kweli, sikuyaandika. Umepitaje?"

"Nilikuwaga nachunga mbuzi. Nimekata fimbo, nikawa napigapiga chini kabla ya kukanyaga."

Ursula akaketi juu ya jiwe. Akacheka, akalia, akacheka tena.

"Nitayaandika," alisema. "Mwanangu, nitayaandika yote, na fimbo yako."

"Na pango lenyewe ni dogo," Rhobi aliongeza. "Kwenye kitabu wamelala watu sita."

Stanislausi akajifuta uso, akainama ili binti yake apande mgongoni. "Yatosha. Mama yako hajala tangu jana," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Na wewe mwandishi, twende nyumbani ukale ugali."