Maziwa Hayamo Kwenye Hesabu

Sakafu ya kuanikia kahawa ilikuwa ya saruji, na mwezi wa saba Mbinga saruji huamka na baridi inayopanda kutoka nyayo mpaka magotini. Viatu vilikatazwa, ati vinavunja punje. Vitalia alikanyaga pekupeku, reki ya mbao mikononi, akaenda mpaka mwisho wa sakafu, akageuka, akarudi. Kukaa hakuna. Tangu jua linapotoka mpaka kahawa inapofunikwa maturubai, kina mama walikuwa juu ya miguu yao.

Siku hiyo kijana mwenye miwani alimfuata pembeni ya sakafu. Vitalia akienda, naye anaenda. Akigeuka, anatazama saa yake. Alikuwa mtaalamu wa chakula, aliyeletwa na meneja Frederick. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia msimu uliotangulia, ghala la ushirika likapigwa kufuli, na mwenye shida ya kibarua alikuja hapa, kwenye ua wa kampuni. Mchana kampuni iliwapa makande, vikombe viwili kila mtu. Meneja aliona yanazidi.

Mtaalamu akawakusanya, akaeleza kwa upole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mwili ni jiko, chakula ni kuni, na moto wa kuni hizo unahesabiwa kwa kalori. Anayekaa ofisini anachoma kidogo. Anayesukuma reki kutwa anachoma nyingi, na yeye ameshajua ni kiasi gani. Kikombe kimoja kitatosha, alisema, kwa sababu jioni kila mtu anakula nyumbani kwake.

Vitalia akainua mkono. "Samahani mtaalamu. Mimi nanyonyesha. Maziwa umeyatia kwenye hesabu?"

Kijana akamtazama meneja kwanza. "Maziwa yanachoma sana, mama. Karibu nusu ya kazi yako ya kutwa."

"Lakini hayamo," Frederick akasema. "Sisi tunatia kuni zipike chungu chetu. Chungu cha nyumbani kwako hatukijui."

Mwanamke mmoja nyuma akatania kwamba baba mtoto naye achangie kuni. Walicheka, na Vitalia akacheka nao. Mumewe, Florian, alikuwa ameteremka ziwani Liuli kutafuta kazi kwenye mitumbwi ya watu, na tangu masika hakuna aliyeleta habari zake.

Kesho yake msimamizi, Mansuetus, ambaye ni ndugu wa Florian, alimvuta kando akiwa anatazama chini. Mpaka siku ile mama mkwe alikuwa akimleta mtoto Egidi mchana, na Vitalia akimnyonyesha akiwa amesimama langoni. Sasa basi, asiletwe tena. Mtaalamu ameona kwamba akishanyonyesha, reki yake inapungua mwendo.

"Usinilaumu, shemeji," Mansuetus alisema. "Nami nina mkubwa wangu."

Jioni ukoo ulikula sengu, baraza la kula pamoja, uani kwa babu, kila nyumba imeleta chungu chake, maana kwa Wamatengo ni aibu mtu kula peke yake nyuma ya mlango. Mwaka huo vyungu vilikuwa vyepesi. Mbolea ya bei ya serikali ilikuwa imekwisha, na mahindi yakatoka mafupi. Ndiyo maana ukoo ulikubaliana: aliyekwisha kula kwingine akae na wenzake, azungumze, ila mkono asinyooshe.

"Mkwe wangu ameshiba kwa matajiri," Tadea, mama mkwe, akatania, na mikono ikaingia kwenye ugali.

Vitalia alikaa. Kusema ana njaa mbele ya babu ni kusema nyumba ya babu haimlishi. Kampuni ilihesabu ugali huu. Ukoo ulihesabu yale makande. Yeye alikaa katikati, akinusa mboga ya maboga.

Baada ya hapo hesabu ya kijana ilimwingia kama homa. Akivuta reki, anasikia kitu kinaungua ndani, mlio mdogo, kama kuni mbichi. Akifika mwisho wa sakafu anajiuliza amemla mtoto kiasi gani katika safari hiyo moja. Kwenye mkwaruzo wa reki alisikia Egidi akilia, akasimama, ukimya. Akaendelea, kilio kikaendelea. Nyumbani mtoto mwenyewe alivuta ziwa, akaliacha, akamtazama. Nywele zake zilianza kuwa nyepesi, rangi ya ndevu za mahindi. Uji wa Tadea haukukaa tumboni.

Tadea alitazama nywele zile siku nyingi kabla ya kufungua mdomo, na alipofungua alikwishaamua.

"Mtoto huyu amebemendwa. Mume yuko ziwani, na maziwa yako yameharibika. Nani anakuharibia huko kazini?"

"Hakuna mtu, mama. Ni kazi. Kazi inaunguza maziwa."

"Mimi nimelima mlimani na mtoto mgongoni, nimezaa saba. Kazi haijapata kuharibu maziwa ya mtu. Mwanamume ndiye anaharibu."

Vitalia alianza kueleza habari za jiko na kuni, kama alivyofundishwa. Aliposikia maneno yakimtoka, yalifanana na uongo.

Mchana uliofuata Tadea alikuja na mtoto, na shangazi wawili wa ukoo nyuma yake wa kushuhudia. Walisimama nje ya uzio, kando ya kina mama waliokuwa langoni wakingoja kibarua.

"Vitalia," Tadea aliita, hakupaza sauti. "Kama humo ndani huna bwana, toka umnyonyeshe mtoto mbele ya watu."

Vitalia alikuwa katikati ya sakafu. Akamtazama Mansuetus.

"Ukitoka, shemeji, usirudi," alisema Mansuetus. Halafu akaongeza taratibu, "Nifanyeje mimi?"

Akitoka, hata kile kikombe hakipo, na sengu itaambiwa amefukuzwa. Akibaki, amejibu kwamba bwana yupo. Egidi akalia, kilio chembamba, na mwili wa Vitalia ukaitika wenyewe. Maziwa yakalowesha blauzi, yakapenya khanga, yakadondoka kwenye kahawa mbele ya miguu yake.

Mtoto akanyamaza. Hakunyamaza kama aliyebembelezwa.

"Mama?" Vitalia aliita. Tadea alikuwa ameinamia uso wa mtoto, akisikiliza pumzi.

"Geuza hapo palipolowa," Mansuetus alisema, macho kwenye dirisha la ofisi. "Geuza upesi, patashika doa."

Reki haikwenda. Nje ya lango, mwanamke wa kwanza kwenye foleni ya kibarua alimwona amesimama. Akainama, akavua ndala zake.