Dole Lenye Kovu

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi Utingo aliripoti chumba namba nne cha ofisi ya uangalizi wa wafungwa, akasubiri kwenye benchi, akaitwa, akabonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino, kisha kwenye daftari. Alikuwa ametumikia miaka mitatu gerezani, na miezi kumi na minane iliyobaki aliimalizia nje, akifagia zahanati chini ya uangalizi. Kuandika alijua, lakini daftari halikutaka saini. Saini hughushiwa, alisema afisa, dole halidanganyi.

Jumatatu ya sita dole lilitoka na kovu.

Afisa, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alivuta daftari karibu. Mstari mweupe ulikata alama ya wino kwa mshazari. Akakigeuza kidole cha Utingo. Hakikuwa na mkwaruzo.

"Futa, bonyeza tena."

Akabonyeza. Kovu likaja.

"Hili la nani?"

"La kaka, mama. Alikatwa na bati utotoni."

Afisa hakushangaa. Mwaka juzi mtu mmoja aliripoti mwezi mzima akiwa marehemu, na hakuwahi kuchelewa. Kilichomsumbua ni kanuni.

"Dole limeripoti, mwenyewe hujaripoti. Nikiandika hivyo unarudi ndani. Mdhamini wako nani?"

"Huyohuyo kaka."

Akaitwa. Kaka ndiye aliyekuwa akiendesha lori asubuhi ile lilipomgonga muuza maziwa, na ndiye aliyemshika Utingo mikono yote miwili nyuma ya tela: "Sema ulikuwa unaendesha wewe. Mimi nina watoto. Wiki mbili tu nakutoa." Hakwenda gerezani kumtazama hata mara moja. Mama yao alifariki akikataa kulitaja jina la mwanawe mdogo.

Utingo hakutaka fidia wala kuombwa radhi. Alitaka kaka aseme ukweli mbele ya mtu mmoja, hata huyu mama wa miwani. Na leo ushahidi ulikuwa mezani, wino haujakauka.

Kaka alifika akinukia sabuni. Afisa akamsogezea daftari.

"Mdhamini, dole hili la nani?"

Kaka alilitazama kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani.

"La mdogo wangu."

"Una hakika?"

"Nimemlea mwenyewe, mama. Nisilijue dole lake?"

"Haya, thibitisha hapa."

Kaka akabonyeza lake pembeni. Madole mawili yakakaa sambamba, kovu kwa kovu. Afisa akayakausha kwa karatasi, akaandika: *Yamefanana. Ameripoti.*

Koridoni kaka alimpiga begani. "Umeponea chupuchupu, dogo. Angekuwa mdhamini mwingine, leo ungelala ndani. Hata ahsante hakuna?"

"Ahsante, kaka."

Aliisema vizuri, maana ni kweli alikuwa ameokolewa. Kisha akaenda kufagia.

Jumatatu iliyofuata kovu lilikuwa limeingia kwenye kidole chake chenyewe, jekundu, likiuma kama jeraha la jana. Afisa aliliandika kwenye faili, mahali pa alama za kudumu. Kaka naye alipiga simu jioni kumjulia hali. Alisema dole lake limepona, limelainika kama la mtoto, wala halimsumbui tena wakati wa baridi.