Dele Lililojifanya Samovari

Usiku wa kuamkia leo niliota, na msiniambie nililala nimevimbiwa, maana hofu ilininyima hata chakula.

Kwanza mjue hofu yenyewe. Mimi ni mwigizaji hapa Tanga, na michezo ya Warusi wa zamani naipenda kufa. Watu wamekaa, wanakunywa chai, roho zinawavunjika, halafu mtu anasema kesho huenda ikanyesha. Leo jioni tunaanza kuonyesha mmoja, nami ndiye bwana mwenye nyumba. Mwishoni naiaga nyumba niliyozaliwa, halafu imeandikwa: Kimya. Basi, ninyamaze tu. Siwezi! Nikinyamaza naona watazamaji watadhani nimesahau maneno, kwa hiyo namimina chai.

Bi Staamili, anayetuongoza, amechoka nami. "Mbaruku, ukimimina tena kesho mbele ya watu, kuanzia keshokutwa nafasi hiyo ni ya mwenzako Chande." Kisha akaniamuru nilale na soksi za sufu za bwana huyo, niizoee baridi ya kwao. Kwa joto hili la Tanga! Nikalala nazo.

Basi niko jukwaani. Theluji inaanguka na hakuna anayeshangaa. Mezani lipo dele tuliloazima kwa muuza kahawa, kwa kuwa samovari, lile birika kubwa la chai la Warusi, hatuna. Dele linakohoa.

"Kijana, baba yako anaitwa nani?"

"Hemedi."

"Basi, Mbaruku Hemedovich, huku kwa Warusi watu hawaamkiani?"

"Shikamoo, samovari."

"Marahaba. Samovari ni cheo cha kazini tu. Mimi dele, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga."

Mlango unagongwa. Anaingia mzee mrefu, koti limemfika vifundoni, sanduku mkononi.

"Karibu, mzee. Nani mwenzetu?"

"Kimya. Nimeandikwa katika mchezo huu tangu mwanzo, na kila nikiingia unanimwagia chai."

Namtazama. Kweli, koti zima lina madoa ya chai. Naona haya mpaka masikio yanawaka moto.

"Mzee wangu, nakuogopa."

"Najua. Nipe kiti."

Nageuka kutafuta kiti, na jukwaa limekuwa jiko la mama yangu. Mama anachambua mchele. Kimya ameshakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, koti lake kalikunja vizuri magotini.

"Mama, huyu unamjua?"

"Nisimjue vipi? Alikuja baba yako alipofariki. Wengine walikuja na maneno, wakamaliza wakaondoka. Huyu alibaki, tukachambua mchele. Hana neno. Kaa naye."

Nakaa. Dele nalo limetufuata, liko mekoni, haliwezi kutulia.

"Nimimine? Nimimine kidogo tu? Mbaruku Hemedovich, watu wanatutazama! Angalau tusuuze vikombe!"

Nageuka kuangalia. Ukumbi mzima umejaa watu pale ulipokuwa ukuta wa jiko. Mkono unaelekea kwenye dele wenyewe, kwa mazoea, lakini mama ananitazama. Navua soksi ya mguu wa kushoto, naisokota, naitia kwenye mdomo wa dele.

"Mmf," linasema dele.

Tumekaa. Theluji inaanguka juu ya mchele, mama anaitoa moja moja pamoja na chuya. Namkumbuka baba. Machozi yananitoka, na sina la kufanya, na hakuna anayetaka nifanye. Watu ukumbini hawakohoi hata mmoja. Loo, jamani, kumbe ni raha namna hii!

Nikaamka jua limeshapanda. Mguu wa kulia ulikuwa umelowa jasho ndani ya sufu. Wa kushoto ulikuwa mtupu, na vidole vyake vya baridi. Nilipekua shuka, nikachungulia uvunguni, soksi sikuiona. Simu ikalia. Alikuwa Bi Staamili, tayari yuko ukumbini.

"Mbaruku! Shetani gani kaziba mdomo wa dele kwa soksi? Tumevuta mpaka mikono inatuuma, haitoki!"

"Iacheni hapo hapo, Bi Staamili."

"Tuiache? Na chai yako usiyoacha kumimina, utaimimina kwa kitu gani?"

"Simimini."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza naye, simu sikioni, wala sikutafuta la kusema.