Usipige Deki, Shangazi

Shangazi yangu ni mtu wa usafi kupita kiasi. Nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nimekulia mikononi mwake, na mgongo ulioinama ni wangu. Akisikia kesho kuna mgeni, hata awe mtu wa kuulizia bei tu, basi leo hakuna atakayekaa. Mapipa yatamwagwa, masufuria yatasuguliwa, sakafu itapigwa maji mpaka ujione uso. Na hapo sizungumzii sebule. Nazungumzia karakana ya kutia rangi vitambaa, mahali ambapo hata nzi akitua huondoka na miguu ya buluu.

Kwa hiyo ofisi ya mazingira ilipopiga simu kusema kwamba mkaguzi angefika kesho yake mchana, mnaweza kujua wenyewe kilichotokea. Tuliamka na mifagio. Tulimwaga masalio ya rangi yaliyokuwa yamelala ndani ya mapipa, tukasugua kwa magadi, tukavuta mpira wa maji kutoka nyuma mpaka mlangoni. Mkaguzi alipopiga hodi, sakafu ilikuwa bado inachuruzika na Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Alimwekea kiti. Mkaguzi, kijana mpole mwenye chupa zake kwenye kisanduku, akasema asante, yuko kazini. Akachota maji kwenye mtaro ulio mbele ya mlango, akabandika karatasi kwenye chupa, akaaga.

Baada ya muda ikaja amri ya kufunga. Maji yetu, ilisema, yana rangi na magadi mengi kuliko kibali chetu kinavyoruhusu, na yanaingia kijitoni. Chini yake ilielezwa kwamba ofisi ilianza kufuatilia baada ya kupokea malalamiko ya mkulima wa mboga aliye bondeni.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Mkulima wa mboga bondeni ni mmoja tu, naye ni Mama Bustani, mwenzake wa tangu usichana, waliosukana nywele na kulia pamoja kwenye misiba ya waume zao. "Amenishtaki," alisema. "Mtu anayekula kwangu." Karakana ile ndiyo aliyoachiwa na mumewe, ndiyo iliyonisomesha mimi, na ndiyo inayolisha nyumba za wanawake wawili tunaofanya nao kazi. Lakini siku ile naona kilichomuuma zaidi ni Mama Bustani. Mimi sikuumia, nilikasirika. Niliapa kwamba tutakata rufaa na kwamba mboga za yule mama sitazila tena maishani.

Ofisi ya baraza la rufaa ina dirisha dogo la kioo, na nyuma yake kuna karani mwenye sweta, anayezungumza polepole utadhani ana siku nzima kwa ajili yako. Shangazi akamkabidhi barua. Alikuwa amesema yeye, nikaandika mimi, na nilikuwa nimemwonya. Barua ilieleza kwamba mkaguzi alikataa kiti, alikataa maji ya kunywa, hakuwa na neno hata moja la kusifia sakafu, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kujua usafi ni kitu gani.

Karani alisoma mpaka mwisho. Sikumwona akicheka, ila sweta ilitikisika.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini haya ni malalamiko. Rufaa ni kitu kingine."

"Tofauti yake nini?"

"Baraza halitauliza kama mkaguzi ana adabu. Litauliza kama uamuzi wa ofisi ulikuwa sahihi. Sasa wewe lazima uonyeshe ulipokosewa. Wameisoma sheria vibaya? Wamekosea ukweli wa mambo? Au adhabu imezidi kosa? Na useme kwa sababu, siyo kwa uchungu."

"Tukishaileta hiyo rufaa tunafungua?" nikadakia.

"Hapana, dada. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kukata rufaa hakuondoi amri. Ukifungua leo umeongeza kosa lingine. Kama mnataka kufanya kazi huku mnasubiri, mnaomba zuio la muda, kwa ombi lake peke yake, na mnaeleza mtaumia vipi mkifungwa na kwamba hakuna atakayeumia mkifunguliwa."

Kisha akavuta fomu, akaanza kutuuliza mambo ya kawaida: karakana iko wapi, kibali cha lini, siku ya ukaguzi tulikuwa tunatia rangi gani.

"Hakuna," alisema Shangazi.

"Hakuna kivipi, mama? Hamkuwa kazini?"

"Mgeni anakuja, mimi nitie rangi? Tulikuwa tunasafisha."

Karani akaweka kalamu chini. Akamwomba aeleze vizuri, na nilipokuwa namsikiliza Shangazi akieleza ndipo na mimi akili ikanifunguka. Siku za kazi, maji yetu ya kusuuzia hupita kwenye bomba hadi shimo la kuchujia lililo nyuma, lenye kokoto, mchanga na mkaa. Hutoka huko yakiwa hayana neno. Lakini sakafu yenyewe fundi aliijenga ikielekea mlangoni. Ukipiga deki, maji hayalijui shimo. Yanatoka mlangoni kama mwenye nyumba, yanaingia mtaroni, yanashuka. Mkaguzi hakuchota maji ya kazi yetu. Alichota maji ya heshima yake mwenyewe.

"Basi hiyo ndiyo sababu ya rufaa," alisema karani. "Kwamba sampuli haikuwa ya siku ya kazi. Andikeni hivyo. Hayo ya kiti yaacheni."

Baraza lilitupa zuio, lakini la nusu nusu: tufanye kazi, ila lisiingie tone mtaroni mpaka waje kujionea. Siku ya kuja ikapangwa. Karani akatueleza masharti yake: pande zote ziwepo, yaani sisi, mkaguzi na mlalamikaji, asiwepo wa kuzungumza na wajumbe pembeni, na wasipewe kitu chochote.

"Hata maji ya kunywa?" Shangazi aliuliza.

"Hata maji, mama."

"Wafe na kiu kwangu?"

"Wanakuja na chupa zao."

Nilijua shida itakuwa siku yenyewe. Nilidamka, na bado nilimkuta amenitangulia, kilemba kichwani, mpira wa maji mkononi. Mapipa yalikuwa yamepangwa mstari, yakisubiri kumwagwa.

"Usipige deki, Shangazi."

"Watu wazima wanakuja hapa, na mwenyekiti ni mama mwenye heshima zake. Unataka anikute hivi?"

"Hivi hivi! Wanataka kuona tunavyokuwa siku zote!"

"Siku zote mimi siyo mchafu."

"Siku zote sisi ni wachafu, Shangazi! Tunatia rangi!"

Sijawahi kumpandishia sauti maishani mwangu. Nilimnyang'anya mpira, nikauviringisha, nikaukalia. Shangazi akashika ukingo wa meza yenye madoa ya miaka yote ile, akaanza kulia, kimya kimya, huku akijifuta kwa kilemba. Niliona haya. Nilimpenda na alinikera, vyote kwa wakati mmoja, na sikuinuka kwenye ule mpira.

"Jambo moja tu nakuomba," nilimwambia alipotulia. "Wakikuuliza, jibu ulichoulizwa. Usiongeze."

Walikuja. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, akiwa na wajumbe wawili, mmoja wao mtaalamu wa maji. Mkaguzi alikuja na kisanduku chake. Mama Bustani alifika wa mwisho, akasimama karibu na mlango na viatu vyake vya shambani, bila kumtazama mtu. Shangazi alisimama katikati ya sakafu yenye madimbwi ya kijani na nyekundu, mikono ameikunja tumboni, kama mtu aliyeingiliwa akiwa anaoga.

Tulifanya kazi mbele yao. Tulichovya, tukakamua, tukasuuza. Mtaalamu akazunguka nyuma, akachota maji yanayotoka shimoni, akayainua kwenye mwanga, akatia vidonge vyake. Akampa mkaguzi naye aangalie. Yule kijana, namshukuru mpaka leo, hakuuma maneno.

"Kama siku ile ningekuta maji haya," alisema, "nisingependekeza kufunga."

Mwenyekiti akaandika, kisha akamgeukia Shangazi. "Sasa, mama, ule usafi mlioufanya siku ya ukaguzi, wa kumwaga mapipa na kupeleka maji mlangoni. Ulikuwa wa siku ile tu?"

Nilimtazama Shangazi kwa macho yote niliyonayo. Neno ndiyo lingetosha. Ndiyo, mheshimiwa, na amri ingefutwa, tungelala usingizi. Nani angejua?

Shangazi alifungua mdomo. Nadhani neno lenyewe lilikuwa ulimini. Lakini macho yake yalikuwa yamefika mlangoni, kwa Mama Bustani, na niliona uso wake unabadilika, anakumbuka kitu, anakihesabia vidole kimoyomoyo.

"Hapana," alisema. "Siyo siku ile tu."

"Ni lini tena?"

"Kila nikitarajia mgeni."

"Wageni gani wanaokuja hapa?"

"Wengi hupita tu. Mgeni wangu hasa ni huyu." Akanyoosha kidole mlangoni. "Hutuma salamu kwamba kesho nakuja, kwa sababu nilishamwambia sipendi mtu anikute vibaya. Basi nikipata salamu zake, nasafisha. Namsafishia yeye."

Nyuma huko bomba lilikuwa likidondosha maji. Mama Bustani alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema taratibu. "Nikitoka kwako, nikirudi, kijito kina rangi. Siku mbili tatu, miche imekauka. Nikasema labda mkosi."

"Mbona hukuniambia?" Shangazi aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo. "Ukaenda ofisini, mwenzangu. Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambiaje? Kila nikija nakuta kwako kunang'aa. Huoni hata doa. Nitaanzaje kumwambia mtu msafi hivi kwamba uchafu unatoka kwake? Niliona bora waje watu wenye vyombo vyao." Alijifuta pua kwa mkono. "Mimi sikuwahi kukuomba unipigie deki."

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema wamesikia, uamuzi utaletwa kwa maandishi, na wakaondoka na chupa zao. Mama Bustani aliondoka nao bila kuaga. Mimi niliingia stoo, nikapiga teke pipa tupu. Nilikuwa na hakika tumejifunga wenyewe kwa mdomo wa Shangazi, na nilimwambia hivyo. Alikuwa ameketi akitazama mlangoni, pale sakafu inapoishia.

Siku uamuzi ulipotoka, karani aliusoma nasi dirishani kwa sababu Shangazi alisema herufi zinamcheza. Baraza, alieleza, lina njia tatu: kuuthibitisha uamuzi wa ofisi, kuufuta, au kuubadilisha. Wetu walikuwa wameubadilisha. Kufungwa kumeondolewa. Badala yake tujenge tuta mlangoni, sakafu igeuzwe ielekee nyuma, na masalio ya mapipa yasiguse mtaro kamwe. Na mkaguzi atakuwa anakuja kuchota maji bila kutoa taarifa.

"Bila taarifa?" Shangazi alishtuka. "Anikute vyovyote nilivyo?"

"Vyovyote, mama. Hapa wameandika pia," karani akashusha kidole kwenye karatasi, "kwamba wameshawishika kutofunga kwa sababu mwenye karakana alisema lililo kinyume na faida yake, na mtu wa namna hiyo anaweza kuaminiwa kufuata masharti."

Nilitazama viatu vyangu. Shangazi alimwomba karani arudie hapo, na karani, Mungu ambariki, akarudia.

Fundi alijenga tuta na kuibomoa sakafu nusu. Vumbi la saruji lilichanganyika na rangi, vitambaa vilitundikwa ovyo, na Shangazi mwenyewe alikuwa na buluu mpaka kwenye nyusi. Katikati ya vurugu hiyo tukasikia hodi. Sote tulijua ni mkaguzi.

Alikuwa Mama Bustani. Hakuwa ametuma salamu. Alikuwa na fungu la mboga kwapani, na alisimama nje ya tuta jipya kana kwamba anasubiri ruhusa ya kulivuka.

Shangazi aliruka kuukamata ufagio. Niliuona mkono wake ukiufikia, ukiushika, kisha ukiuachia, ufagio ukaegemea tena ukutani. Alijipangusa viganja kwenye kitenge, jambo ambalo halikusaidia chochote.

"Karibu, mwenzangu," alisema. "Kwangu kuchafu."

"Naona," alisema Mama Bustani, akavuka tuta, akavuta kigoda chenye rangi mbichi na kukikalia.