Saa ya Upande wa Pili

"Nisomee saa, mwanangu. Miwani nimeiacha kwenye koti la kazini."

Mzee Danford akanisogezea simu yake juu ya meza. Kioo chake kilikuwa na ufa na kilinuka grisi, kama kila kitu alichokishika. Nikaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikasema, "Tisa na dakika ishirini, Mzee."

Hicho ndicho kilichoandikwa. Juu yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la mtandao wa Zambia.

Nina umri wa miaka arobaini na kitu sasa, na bado naweza kukuambia harufu ya sebule ile ya Tunduma: kuku anayechemka jikoni na mazulia yaliyotoka kufuliwa. Ilikuwa mwaka 2012, mwezi wa saba. Mwenye nyumba alikuwa Mama Conjesta, aliyemzaa mume wa binti yake Mzee Danford. Kupita Tunduma bila kuingia kwa mkwe ni matusi ambayo yangemfikia binti yake kabla ya jua kuzama. Kuingia na kuondoka bila kula ni matusi makubwa zaidi, hasa kuku akishachinjwa. Kwa hiyo mzee alitaka kujua kama muda unatosha.

Chuo nilichokuwa naomba Dar es Salaam kilifunga maombi saa kumi na moja jioni siku hiyo. Mimi yangu nilishayamaliza. Ilibaki barua ya mdhamini, na mdhamini wangu, Mzee Danford, alitakiwa kuijaza mwenyewe kwenye mtandao, kwa neno lake la siri. Kule kwetu Iyula mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nilimwambia anipe hilo neno la siri nimjazie, akakataa. "Siri yangu nikikupa wewe unayeombewa, barua itakuwa ya nani?" Ndiyo maana tukapanda gari kuja mjini.

Nilikuwa mhandisi wa mitambo kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, yeye akiwa msimamizi wangu. Shahada yangu ilikuwa ya vyuma na joto na mikanda. Lakini kwa misimu miwili nilikuwa nikipima joto la beringi za mashine zetu kila asubuhi, naingiza vipimo kwenye kompyuta ndogo ya mkononi niliyoinunua imetumika, na nilikuwa nimeandika programu ya kukisia beringi ipi itakufa na lini. Mara nyingi ilikisia vizuri. Mzee alikuwa akiitania, anaiita mganga wangu wa kienyeji, lakini akiambiwa na mganga abadilishe beringi, anabadilisha.

Nilitaka kusoma uzamili wa sayansi ya kompyuta. Mwaka wa kwanza niliomba, wakajibu waombaji walikuwa wengi. Mwaka wa pili wakaniita kwenye usaili. Nilisafiri siku nzima. Mmoja wao akafungua karatasi zangu, akauliza, "Fundi wa mashine za kahawa, kompyuta unaitakia nini?" Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama watu waliokaa kitini tangu asubuhi. Mimi nikacheka nao. Niliporudi Iyula nilikuta beringi mbili zimekufa na hakuna aliyezipima.

Mara ya tatu nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nilikuwa nimejifundisha hisabati ambayo wenzangu walifundishwa, peke yangu, kwenye vitabu vya kurudufu ambavyo kurasa nyingine zilitoka nusu, baada ya zamu yenye urefu wa saa kumi. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na mama yangu alikuwa ameacha kuniuliza ninasomea nini.

Kila mtu aliyewahi kufanya kazi Tunduma anajua kwamba simu zikinasa mnara wa Nakonde, upande wa Zambia, zinarudi nyuma saa nzima. Wauza mchele wanajua. Bodaboda wanajua. Mimi niliishi pale miaka minne. Mzee Danford alikuwa mtu wa Iyula, wa kahawa na kanisa, hakujua.

"Basi tuna muda," alisema, akaegemea kiti. "Mkwe, leta huyo kuku."

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Nilinawa mikono. Nilikula paja, nikasifu mchuzi, nikaongezewa ugali. Ningeweza kusema wakati wowote. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilikiona kile chumba cha usaili, nikaweka tonge jingine.

Kwenye duka la intaneti saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na dakika kumi na mbili. Mzee alidhani imeharibika. Mwenye duka akamweleza, bila kucheka, maana aliona uso wake. Ukurasa wa chuo ulikuwa umefungwa. Mzee alishika ile simu kwa mikono yote miwili na kusema, "Simu yangu imekuua, mwanangu."

Mwaka uliofuata sikuomba, wala uliofuata huo. Yeye alistaafu, akanunua saa ya mkononi, ya mshale. Kila tulipokutana kanisani alianza na lile lile: "Nilikuchelewesha." Nami nilijibu, "Yameisha, Mzee." Naona aibu kuandika kwamba nilizoea.

Mwaka 2015 alikuja kiwandani na bahasha. Alikuwa amekonda, koti lilimning'inia. "Omba tena," alisema. "Safari hii nimeandika mapema. Ni Kiswahili changu, wewe utakitia Kiingereza. Ya siri tena sitaki, soma tu."

Niliisoma nimesimama kando ya mashine. Aliandika kuhusu programu, na msimu ambao iliokoa mashine kubwa. Halafu aliandika: *Kwa miaka saba niliyofanya naye kazi, sikuwahi kumsikia akisoma kipimo tofauti na kilichoonekana.*

Alikuwa tayari ameitazama saa yake. "Niwahi gari," akasema, akaanza kwenda.

"Mzee."

Akageuka.

"Kaa kidogo. Siku ile kwa mkwe wako, simu haikunidanganya mimi."

Alinitazama, kisha akaitazama barua mkononi mwangu. Akavuta gunia lililokuwa limekunjwa pale, akaketi taratibu, kama mtu anayehofia magoti yake. Barabarani gari likapiga honi mara mbili, likaondoka.

"Haya," alisema. "Nisomee vizuri sasa."