Shajara ya Mama

Fundi maturubai alikuwa mwanamke wa makamo, vidole vigumu, mdomo usiojua kubembeleza. Kaka yake alikuwa karani wa bandari. Watu walimwita Kapteni kwa utani, maana alitapika hata kwenye kivuko. Nahodha hasa alikuwa baba yao. Aliacha rundo la shajara za safari zake, na mama yao, aliyebaki nchi kavu na watoto, akaacha yake moja.

Mafuriko yalipoingia mtaani, fundi ndiye aliyezikausha zote, ukurasa kwa ukurasa, juu ya meza yake ya kushonea. Maji yalipokauka, Kapteni akaja kuziomba kwa ajili ya makumbusho.

"Za baba chukua," fundi akamwambia. "Ya mama haitoki humu ndani. Si ulikuwepo alipotuusia?"

"Dada, nisahau neno la mama?" Akaweka mkono kifuani. "Wanapiga picha jalada tu, watu wajue naye aliandika. Jumatatu nairudisha mwenyewe."

Fundi akampa. Ndugu wa tumbo moja, angemshuku vipi?

Jumatatu ikapita kimya. Nyingine pia. Kila akimpigia, Kapteni yuko kazini. Mwishowe ulikuja mwaliko wa ufunguzi wa maonyesho, na fundi akaenda.

Ukumbini, shajara za baba hazikuwa na mtu. Watu walisongamana kwenye kabati la kioo pembeni, na mwanamke mmoja alikuwa akisoma kwa sauti: "Leo nimesikia meli inarudi. Nimelia. Miezi hii yote nimelala usingizi mzuri."

"Makubwa!" mwenzake akacheka. "Kumbe bibi aliomba mume asirudi!"

Fundi akajipenyeza hadi kwenye kioo. Ilikuwa shajara ya mama, imefunuliwa. Huyo ndiye mama aliyekuwa akijitanda kanga mpaka machoni kuficha uso uliovimba, na kuwaambia wao, "Baba yenu amechoka tu." Siri aliyoimeza maisha yake yote sasa ilikuwa kichekesho cha wapita njia. Na pale mbele, Kapteni kashika kipaza sauti, anasimulia alivyoziokoa shajara kwenye mafuriko kwa mikono yake miwili.

Fundi akamfuata mhifadhi wa makumbusho. "Fungua kabati lile."

"Samahani, mama, lakini mlikubali wenyewe. Saini zenu nyote wawili zipo."

Karatasi ikaletwa. Jina lake lilikuwepo, limepambwa kwa mikunjo ya mwandiko wa karani. Kapteni alishafika mbio, jasho linamtoka.

"Dada, tafadhali," akanong'ona. "Usinivue nguo mbele za watu. Tutayamaliza nyumbani."

"Aliyevuliwa nguo hapa ni mama, na umemvua wewe." Akamgeukia mhifadhi. "Saini hii si yangu. Kaiandika yeye."

Mhifadhi akamtazama Kapteni, naye akainamisha kichwa. Kabati likafunguliwa, na shajara ikarudishwa mikononi mwa fundi.

Kapteni akamfuata mbio hadi kwenye ngazi. "Nilitaka tu na sisi tujulikane, dada! Ndugu yako mimi!"

Fundi akashuka ngazi, shajara kwapani. Saini angeweza kuisamehe, labda. Kilichomkaa kooni ni ule mkono kifuani.

Wiki iliyofuata Kapteni alikuja kubisha hodi. Fundi akaisikia, akazidi kukanyaga cherehani mpaka hodi zikakoma.